Pini imepotea na F maina inalia: kii za muziki zinabebaje hisia kwenye opera

Kwenye opera ya Mozart inayoitwa Le nozze di Figaro kuna binti mdogo anaitwa Barbarina, mtoto wa mtunza bustani, sio mtu muhimu sana kwenye hadithi. Act ya nne inapoanza ni usiku, yuko peke yake, anatafuta kitu chini huku analia. Ukimsikia bila kujua Kitaliano utasema huyu kafiwa, tena kafiwa na mzazi, maana vayolini zinavuta polepole na sauti yake inakatika katika kama mtu anayeishiwa nguvu. L'ho perduta, anasema, nimeipoteza, ole wangu nimeipoteza. Alafu unaenda kusoma tafsiri unakuta alichopoteza ni pini. Pini! Ile ya kushikizia barua, bwana mkubwa kamtuma airudishe kwa mwenyewe yeye kaiangusha njiani.

Na hiyo ndo aria, yaani wimbo wa mtu mmoja, pekee kwenye opera nzima iliyokaa kwenye maina, ule upande wa muziki ambao wengi tunausikia kama huzuni, meja ndo ule wa furaha. Humo ndani kuna mke anayesalitiwa na mumewe, ana aria mbili za kuumia na mapenzi na zote mbili ni meja. Kuna wivu, kuna vitisho, kuna mtu anaapa kulipiza kisasi, vyote meja. Maina kapewa mtoto wa pini.

Nimeanza na hii kwa sababu kila nikikaa na watu wa kinanda au wa kwaya na mada ya kii ikaingia, lazima atokee mmoja aseme D maina ndo kii ya huzuni kuliko zote, au E flati ina upako, na anasema kwa uhakika kama anakwambia maji yanachemka kwa moto. Mimi mwenyewe nilikuwa nasema hivyo hivyo miaka. Kisha nikaanza kusikiliza opera usiku kwa hedifoni, nikaanza kufuatilia kii gani iko wapi, na imani yangu ikaanza kuvuja taratibu.

Kwanza tuelewane kii ni kitu gani. Waliopita kwenye kwaya za solfa wanaijua bila kujua kama wanaijua. Pale juu ya karatasi imeandikwa Do = F, maana yake nyumbani kwa wimbo huu ni F, kila sauti nyingine inapimwa kutokea hapo na zote zina hamu ya kurudi hapo, ndo maana mtu akikuimbia do re mi fa so la ti alafu akanyamaza, mwili unakuwasha mpaka umalizie mwenyewe. Wimbo ukilala kwenye do tunaita meja, ukilala kwenye la tunaita maina. Kwa hiyo F meja na D maina wanatumia sauti zilezile, ni nyumba moja yenye milango miwili, huyu anaingilia do yule anaingilia la. Shika hiyo ya nyumba na milango, tutaihitaji mbele.

Sasa fujo inaanzia hapa, kwamba swali la kii na hisia ni maswali mawili na watu wanayauliza kwa pumzi moja. La kwanza ni kama maina ina huzuni kuliko meja. La pili ni kama D maina ina kitu ambacho E maina haina, yaani kama kila kii ina roho yake. Hilo la pili ndo lina hadithi tamu kwahiyo naanza nalo.

Kulikuwa na Mjerumani mmoja, Christian Friedrich Daniel Schubart, mshairi na mpiga kinanda, mdomo haukuwa na breki. Mtawala wa Württemberg akachoka naye akamtupa kwenye ngome ya Hohenasperg miaka kumi, 1777 mpaka 1787, bila kesi bila nini. Akiwa humo ndani, kwenye 1784 na 1785 hivi, akatunga maelezo yake kuhusu muziki, na ndani yake kuna orodha ya kii zote na tabia zake, moja moja, kama mtu anayekutambulisha kwa ukoo wake. Kitabu kilikuja kutoka 1806 wakati yeye keshakufa tangu 1791. D meja kwake ni ushindi, haleluya, kelele za vita. E flati meja ni mapenzi na ibada, na zile flati zake tatu, alama za kushusha sauti nusu hatua, kazipa maana ya Utatu Mtakatifu. G maina ni kutoridhika, kuhangaika na mpango uliobuma, kusaga meno. D maina ni mwanamke mwenye majonzi anayekaa na kinyongo chake kimya kimya. Na F maina, sikiliza hii, F maina ni simanzi nzito, kilio cha msiba, kutamani kaburi.

Kutamani kaburi! Na Barbarina analilia pini kwa F maina.

Hapo unaweza kusema Schubart kakosea, lakini mimi naona Mozart alijua kabisa watu wa Vienna wanaisikia F maina vipi, akaichukua ile nguo ya msiba akamvalisha mtoto kwa ajili ya pini, na ukumbi ukacheka huku roho inawauma kidogo. Utani haufanyi kazi kama wasikilizaji hawana mazoea. Kwahiyo orodha ya Schubart isome kama kamusi ya mazoea ya watu wa wakati ule, itakusaidia sana. Ukiisoma kama sayansi ya sauti utaangukia pua, na ushahidi ni huu: miaka mia moja hivi kabla yake Mfaransa Marc-Antoine Charpentier naye aliandika orodha yake, na kwake E flati meja, hiyo hiyo ya mapenzi na Utatu, ni kii katili na ngumu. Kii ileile. Mmoja anaona malaika mwingine anaona jambazi.

Lakini msikimbilie kusema basi yote ni uongo, maana mazoea hayaoti hewani, yana mizizi, na mzizi mkubwa kwenye opera ni wa chuma na mbao kabisa, wala hauna maajabu. Ni tarumbeta.

Tarumbeta la zama za Mozart halikuwa na vali, vile vitufe vya kubonyeza. Lilikuwa bomba lililokunjwa basi, mpigaji anabadilisha sauti kwa midomo tu, na bomba linatoa sauti chache za familia moja. Bomba la D linakupa familia ya D, la C linakupa ya C, na hizo mbili ndo zilikuwa za kawaida kwenye ukumbi wa opera. Vali zilikuja baadaye, Stölzel na Blühmel walisajili uvumbuzi wao Berlin 1818. Zile ngoma kubwa za timpani nazo zilikuwa mbili mbili, unazifunga kwenye do na so ya kii unayopiga. Sasa mtunzi anataka kishindo, mfalme anaingia, jeshi linarudi, atatunga kii gani? Atatunga D au C, hana namna, ndiko kishindo kilipo. Ongeza vayolini, nyuzi zake zikiachwa wazi ni G, D, A na E, ukipiga D meja nyuzi zinaitikiana zenyewe chombo kizima kinang'aa, ukienda E flati nyuzi karibu zote zinabanwa na kidole na sauti inakuwa laini, imejifunika. Watu wakasikia hivyo miaka na miaka, wazee kwa vijana, mpaka D meja ikawa kii ya ushindi kichwani hata tarumbeta lisipokuwepo.

Na ndo hapa nilipoielewa D maina. Tarumbeta la D na timpani za D hazijali kama unapiga D meja au D maina, kwa sababu zenyewe zinashikilia zaidi D na A, na hizo zipo pande zote mbili. Kwahiyo D maina ni maina yenye silaha. Unaweza kuwa na giza na kishindo kwa wakati mmoja. Ndo maana Don Giovanni, iliyochezwa mara ya kwanza Prague Oktoba 1787, inafungua kwa D maina na yule mzee aliyeuawa anaporudi kama sanamu la jiwe kuja kumchukua muuaji wake, ni D maina tena, na safari hii kaongezewa tromboni ambazo watu walizoea kuzisikia kanisani. Na ndo maana Malkia wa Usiku kwenye Die Zauberflöte, Septemba 1791, anapompa binti yake kisu akaue mtu, anaimba kwa D maina na tarumbeta na timpani ziko nyuma yake. Kisasi cha kuzimu kinachemka moyoni mwangu, ndo anavyoanza. Ukimlinganisha na maneno ya Schubart, mwanamke mwenye kinyongo kimya kimya, unacheka. Huyu mama hana ukimya wowote.

Sasa mchukue binti yake, Pamina, kwenye opera hiyo hiyo. Anakuja kwa kijana anayempenda, kijana haongei. Kumbe yuko kwenye mtihani, kaapishwa asifungue mdomo, lakini binti hajui, yeye anaona tu kaachwa. Anaimba Ach, ich fühl's, ninahisi imekwisha, na iko G maina. Tarumbeta hakuna, timpani hakuna. Nyuzi chache zinagonga taratibu kama mapigo ya moyo, na filimbi na obo na fagoti zinapita kidogo kidogo. G haina ile silaha ya chuma, kwahiyo ndo kii ambayo Mozart anakwenda mtu anapolia peke yake chumbani. Konstanze wa Die Entführung aus dem Serail anapoimba huzuni yake, G maina. Ilia wa Idomeneo anapoanza kwa kuwalilia baba na kaka zake, G maina. Mama ana bunduki, binti ana kitambaa cha kufutia machozi, na mimi kwa kweli nadhani kii zao zinatofautishwa na kilichopo kwenye okestra kuliko hewa ya G au ya D yenyewe.

Kuna na suala la tyuningi, yaani namna sauti za chombo zinavyopangwa, nalipitia haraka. Vinanda vya zamani havikugawanywa sawa kama vya leo. Leo kila nusu toni, ile hatua ndogo kuliko zote kwenye kinanda, ni senti 100 bila upendeleo (senti ni kipimo cha umbali kati ya sauti), kwahiyo kutoka do mpaka mi ni senti 400 kwenye kila kii, wakati ile tamu ya asili ambayo kwaya nzuri inaifikia bila kinanda ni kama 386. Zamani walikuwa wanazifanya kii za karibu na C ziwe tamu na za mbali zibebe uchachu, kwahiyo kweli kwenye kinanda kila kii ilikuwa na ladha yake. Ila vayolini na koo la binadamu havina vidude vilivyofungwa mahali pamoja, vinajirekebisha, kwahiyo kwenye aria hii sababu inasaidia kidogo tu. Wanaoielezea kama ndo siri yote wanaongea kama vile opera ni kinanda na mtu mmoja.

Turudi kwa Malkia wa Usiku maana kuna kitu pale kimenikalia kichwani mwaka mzima. Ile sehemu ambayo kila mtu anaijua, ile ya juu kabisa inayodonoa donoa kama kuku anakula mtama kwenye bati, mpaka ile F ya juu ambayo soprano wengi hawaigusi, ile ambayo watu wanaiga kwenye video za kuchekesha. Ile haiko D maina. Iko F meja. Yaani mama anamwambia mwanae usipoua wewe sio mwanangu tena, na pale penye ukatili kuliko pote muziki umetoka giza umeingia kwenye mwanga. Ni ule mlango wa pili wa nyumba ileile, D maina na F meja, kaingilia la akatokea do. Na inatisha zaidi! Ingebaki maina tungeona mama kakasirika basi. Inapogeuka meja tunaona anafurahia.

Pamina vilevile. G maina yake katikati inapanda B flati meja, mlango wa pili, na maneno aliyopewa pale ni kwamba saa za raha hazitarudi tena moyoni mwangu. Meja inakuja anapozitaja zile saa za raha, kwahiyo unasikia alichokuwa nacho wakati anakwambia kimeondoka. Kisha anamgeukia Tamino, yule kijana asiyeongea, ona machozi haya, na G maina inamrudisha chini. Mwanamuziki wa kawaida angebaki maina mwanzo mwisho akidhani ndo anaongeza huzuni.

Hapo ndo nilipobadili swali langu. Nikaacha kuuliza aria iko kii gani, nikaanza kuuliza imetoka wapi imeenda wapi na njia ilikuwa ndefu kiasi gani. Na kumbe Mozart mwenyewe kaliandika. Tarehe 26 Septemba 1781 alimwandikia baba yake barua kuhusu opera aliyokuwa anaitunga, hiyo Die Entführung, kuhusu mhusika anaitwa Osmin, besi mnene, msimamizi wa jumba la Pasha, hasira ziko puani muda wote. Kwa maneno yangu mimi, barua inasema hivi: mtu akipandwa na hasira namna ile anavuka mipaka yote, anajisahau, basi na muziki nao ujisahau. Lakini hasira hata iwe kali vipi isionyeshwe mpaka ikachukiza, na muziki hata kwenye jambo la kutisha ubaki kuwa muziki. Kwahiyo aria iko F, na pa kwenda hakuchagua kii mgeni kabisa, kachagua rafiki wa F, ila sio yule rafiki wa karibu kuliko wote ambaye ni D maina, kachagua wa mbali kidogo, A maina.

Soma tena hapo. Anaongea kama mtu anayepanga safari. D maina ni nyumba moja na F, mlango wa pili, angeenda huko Osmin angekuwa kanuna tu sebuleni kwake. Kii ya mbali kabisa isiyo na undugu na F ingekuwa kelele, masikio yangepotea. A maina iko nyumba ya jirani, inatofautiana na F kwa sauti moja, B flati inakuwa B ya kawaida, kwahiyo Osmin katoka nje, yuko barabarani na shati limefunguka, lakini bado tunamjua. Na Mozart kamwekea mtego, aria inaonekana imeisha F vizuri, watu wanajiandaa kupiga makofi, ndo jamaa analipuka upya kwa A maina na kasi mpya na matoazi ya mtindo wa Kituruki. Hakuna neno kwenye barua ile kwamba A maina ni kii ya hasira. Ni umbali wake na F ndo hasira.

Haya, sasa lile swali la kwanza, meja na maina. Nikiri kwamba masikio yaliyolelewa na muziki wa Ulaya kweli yanasikia maina kama kivuli, na sisi tuliolelewa na nyimbo za ibada zenye solfa tumerithi hilo. Lakini sio sheria ya dunia, harusi ngapi za pwani zimechezwa kwa taarab ambayo sikio la Vienna lingesema hapa kuna msiba? Na hata Ulaya kwenyewe opera inaivunja hiyo sheria kila siku.

Mkubwa wa wote ni Gluck. Orfeo ed Euridice, Vienna, 5 Oktoba 1762. Orfeo kamfuata mkewe kuzimu, karuhusiwa kumrudisha kwa sharti asigeuke kumtazama, kageuka, mke kafa mara ya pili mikononi mwake. Hapo anaimba Che farò senza Euridice, nitafanya nini bila Euridice. Iko C meja! Kii nyeupe kuliko zote, bila flati bila shapu (alama ya kupandisha sauti), wimbo unaweza kuupigia mluzi ukiwa unaosha gari. Mhakiki mmoja wa Vienna, Eduard Hanslick, aliandika 1854 kwamba ungeyageuza maneno ukasema nimempata Euridice wangu, muziki ungekaa vilevile, pengine vizuri zaidi. Na Gluck mwenyewe keshakiri kabla yake, kwenye utangulizi wa opera yake nyingine mwaka 1770, kwamba ukibadilisha kidogo tu namna ya kuuimba wimbo huu unageuka ngoma ya vikaragosi.

Hanslick alitaka kuonyesha muziki hauna hisia maalumu ndani yake. Mimi nikiusikiliza naona kitu kingine. Wimbo unakwenda meja, umenyooka, alafu unarudi tena na tena kwenye mstari uleule, na katikati kuna sehemu anaita Euridice, Euridice, nijibu, muziki unasimama, kimya, hakuna anayejibu. Kisha meja inarudi kama hakuna kilichotokea. Yule sio mtu anayelia, yule ni mtu ambaye ubongo wake bado haujapokea habari. Waliowahi kukaa msibani siku ya kwanza wanamjua mtu huyo, anapanga viti, anauliza kama wageni wamepata chai.

Na kitu kingine, Gluck alipoipeleka opera hii Paris mwaka 1774, Orfeo akawa anaimbwa na tenori wa juu badala ya mwanaume aliyehasiwa wa Vienna, na wimbo ukahama kutoka C ukaenda F. Mtunzi mwenyewe kauhamisha! Kama roho ya kilio kile ingekuwa ndani ya C meja ingebaki Vienna.

Handel naye, Lascia ch'io pianga, niache nilie, London 1711, mwanamke yuko kifungoni anaomba aachwe alie, F meja mwanzo wake. Na melodi ile alishaitumia 1707 Roma kwa maneno tofauti kabisa, acha mwiba chuma waridi. Hisia zinatoka kwenye mwendo, ule mwendo mzito wa hatua tatu na vile vimya katikati ya maneno, kama mtu anayemeza mate asilie.

Alafu kinyume chake, furaha ndani ya maina, na hapa hakuna wa kumgusa Donizetti. L'elisir d'amore, Milan 1832. Nemorino ni kijana maskini wa kijijini, anampenda Adina, kauziwa dawa ya mapenzi ambayo ni mvinyo tu wa kawaida, mambo yamezunguka weee mpaka siku moja anaona chozi moja la siri kwenye jicho la Adina. Ananipenda! Hiyo ndo habari njema kuliko zote maishani mwake. Na muziki unaingia na fagoti, B flati maina, sauti ya mtu aliyebaki mwenyewe usiku. Mara ya kwanza nilidhani mwimbaji kakosea wimbo. Lakini mfuate njia. Ubeti wa kwanza unaanza maina na anapofika kwenye neno m'ama, ananipenda, inafunguka D flati meja, mlango wa pili wa nyumba ileile, kama mtu aliyechungulia tu. Ubeti wa pili unaanza tena gizani, na safari hii anaposema sasa naweza hata kufa, haendi D flati, anabaki B flati yake ila inakuwa meja. Nyumba ileile, do ileile chini ya miguu, mtu kafungua madirisha yote. Ukitaka kujua tofauti ya kuona furaha kwa jirani na kuikuta iko kwako, ni hapo, kama nusu dakika hivi ya muziki.

Na mtu akishikilia bado kwamba kila kii ina roho yake, namuuliza maswali mawili ya kiunyama. Roho hiyo inafanya nini mwimbaji akiomba ishushwe? Maana opera inashusha na kupandisha kila siku. Lile tukio la wazimu la Lucia di Lammermoor, Napoli 1835, Donizetti aliliandika F, kumbi nyingi zinaliimba E flati, toni nzima chini, na watu wanalia na kupiga makofi. Di quella pira ya Verdi iko C, na tenori wengi wanaiteremsha nusu toni ili ile sauti ya juu iwe B badala ya C, sauti ambayo wala Verdi hakuiandika. Una voce poco fa ya Rossini iko E, soprano wakiichukua wanaipandisha F. Wapiga kinanda wetu wanaojua kii moja na kitufe cha transpozi, kile cha kuhamisha kii, msijione wadhambi sana.

Swali la pili ni baya zaidi. Kuna chuma cha kupimia sauti cha Stein, fundi wa vinanda wa Augsburg ambaye Mozart alivipenda vyombo vyake, A yake ni mitetemo 421.6 kwa sekunde. Leo tunatumia 440, iliyokubaliwa London 1939. Hiyo ni karibu robo tatu ya nusu toni juu. Maana yake Malkia wa Usiku wa leo, kwa sikio la Mozart, anaelekea kabisa kwenye E flati maina. Kama D maina ndo yenye ukatili, basi tumeupoteza zamani na hakuna aliyegundua.

Kinachogundulika ni koo. Sauti ya binadamu ina sehemu inapolegea na sehemu inapokaza, na mtunzi wa opera alikuwa anamjua mwimbaji wake kwa jina. Malkia wa kwanza alikuwa Josepha Hofer, dada wa mke wa Mozart, na ile F ya juu ilikuwa F yake. Opera hiyohiyo inamshusha Sarastro, besi, mpaka F ya chini, kwahiyo kati ya mama mwenye kisasi na kuhani mwenye hekima kuna oktava nne kamili. Ukishusha Malkia toni moja kila kitu kinabaki sawa kwenye karatasi, nyumba, milango, njia, lakini soprano haogopi tena na wewe uliyekaa huogopi naye.

Nimalizie na Barbarina, sijamsahau. Wimbo wake wa pini haufiki nyumbani. F maina inazunguka, inafika pale penye so, pale ambapo kila sikio linasubiri kurudi, na hapohapo Figaro anaingia na kuuliza kuna nini, muziki unakatika. Pini haikupatikana na kii haikufungwa. Aliyeimba sehemu ile siku ya kwanza, 1 Mei 1786, alikuwa Anna Gottlieb, ndo kwanza ana miaka 12. Miaka mitano baadaye Mozart alihitaji mtu wa kuimba Pamina, akamchukua Anna Gottlieb, sasa ana 17, akampa G maina, na safari hii alichopoteza hakikuwa pini, na wimbo akaachiwa aumalize.